Magunia Manne ya Chumvi

Jumatatu, 2 Juni

Daftari hili ni la lebo. Bosi alilinunua niandikie namba za pembe, lakini namba zinakaa kurasa za mbele tu, huku nyuma kweupe. Nitaandika huku. Kidoti akilala mchana juu ya magunia matupu napata robo saa, nikibahatika nusu. Naandika kama namweleza asiyejua, maana yeye mwenyewe iko siku atasoma.

Msimu umefunguliwa leo. Mwanangu, kilima hiki hakikuwa na kulungu wenye pembe za matawi. Babu yake Bosi aliwaleta wanane kutoka mbali ili wapambe bustani yake. Uzio ukaoza, wakatoka, wakazaana, na leo hakuna anayejua idadi yao. Sisi tunawaita waletwa. Wanakula miche ya msitu, wanakula mboga, wanakula maharage ya bibi yako. Serikali ikasema wapunguzwe. Bosi akasema yeye atawapunguza bila kuisumbua serikali, ataita wawindaji wa kulipa. Wao watapata pembe za kutundika ukutani, sisi tutapata nafuu. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye bango la getini, na chini yake wamechora kulungu anatabasamu.

Kazi yangu ni banda la kuchunia. Mzee Kisu anachuna, mimi napaka ngozi chumvi, nachemsha mafuvu kwenye pipa, nafunga lebo. Za njano ni za madume, nyeupe za majike. Nimepewa bunda moja la kila rangi, limekazwa kwa mpira.

Jumanne, 3 Juni

Pipa linavuja. Kidoti ana mafua.

Alhamisi, 5 Juni

Mama mkwe alipita bandani asubuhi na debe lake kichwani. Maharage yameota, sasa kazi yake ni kukaa kule shambani toka kucha mpaka kiza akipiga debe kuwafukuza waletwa.

"Mkwe, umekonda," akasema. "Au mwanangu anakula peke yake?"

"Nimechoka tu, Mama."

"Kuchoka si ugonjwa. Mimi nilijifungua Jumanne, Alhamisi niko na jembe."

Hadithi hii nimeisikia mara kumi, na kila mara siku zinapungua. Mzee Kisu akainua kichwa: "Shemeji, mwaka ujao utatuambia ulijifungua jembe likiwa mkononi." Mama mkwe akamtupia ganda la muwa. Mimi sikucheka. Huyu mama akiniangalia, najiona mimi ndiye ninayekula maharage yake.

Jumatano, 11 Juni

Madume sita kwa siku tatu. Mwindaji mmoja aliingia bandani kuangalia pembe zake, akaziba pua. Mfasiri wake akasema mgeni anafurahi kwamba anatusaidia. Nikasema ahsante. Mikono ilikuwa na damu hadi kwenye viwiko, sikujua niiweke wapi.

Baba Kidoti ndiye anayewaongoza. Hakuna anayesoma nyayo kama yeye, hata waongozaji wakubwa wanamwita. Anajua dume kwa mkwaruzo wa pembe kwenye gome. Mwaka huu wote wanamtaka dume mmoja tu, mkubwa kuliko wote, tunamwita Mti Mkavu kwa sababu ya pembe zake. Akipatikana, mume wangu atafanywa mwongozaji mkuu.

Jumatatu, 16 Juni

Chumvi inapungua kuliko ngozi. Kwa ngozi tulizopaka yangebaki magunia kumi na moja, yako tisa. Nimehesabu mara mbili. Chumvi iko mikononi mwangu, nimeweka saini.

Nilishona magunia yote mwenyewe mwanzo wa msimu kwa shazia na uzi mwekundu wa nailoni, kwa sababu panya walikuwa wameyatoboa.

Ijumaa, 20 Juni

Yako matano. Yangetakiwa kuwa manane. Limekosekana la tatu.

Ufunguo ni wangu na wa Mzee Kisu. Nilimuuliza mume wangu nifanye nini, akakata kucha zake polepole, akasema, "Sema kwa Bosi. Ukinyamaza litakuangukia wewe." Nikaona ana busara.

Jumamosi, 21 Juni

Nimesema. Sikumtaja Mzee Kisu. Nilisema tu funguo ziko mbili.

Bosi hakumpa hata nafasi ya kuosha visu. Mzee Kisu alivikunja kwenye kitambaa vikiwa na damu. Miaka saba amenifundisha kazi hii, wapi kisu kinapita bila kutoboa, vipi kujua ngozi imeshiba chumvi kwa kuigusa kwa shavu. Alinipita mlangoni akaniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Kidoti alimpungia mkono. Naye akapunga.

Ijumaa, 27 Juni

Mchunaji mpya ni mpwa wa Bosi. Ametoboa ngozi nne.

Jumanne, 1 Julai

Ukungu siku ya tatu, ngozi hazikauki. Kidoti alikohoa tangu alfajiri, nimemfunga mgongoni siku nzima huku nikichochea pipa. Mvuke ule si mzuri kwa kifua cha mtoto, lakini nani atamshika? Mama mkwe yuko na debe lake.

Ijumaa, 4 Julai

Nilimpelekea Mama mkwe chakula shambani. Maharage yamefika magotini na yamechanua, isipokuwa kona ya juu, kule kumeliwa mpaka kwenye udongo. Nguzo tatu za uzio zimetoka.

"Upepo," nikasema.

"Upepo gani huo unang'oa nguzo halafu unazilaza kwa mstari?" Akazirudishia mwenyewe kwa jiwe, mzee wa miaka sitini na zaidi. Nikamshikia. Mara ya kwanza tumefanya kazi pamoja bila yeye kunisahihisha. Alipomaliza akasema, "Wewe unashika vibaya, lakini unashika."

Jioni nikamwambia Baba Kidoti kuhusu uzio. Akasema ataushughulikia yeye mwenyewe, tusijisumbue.

Jumatano, 9 Julai

Limekosekana gunia jingine. La nne. Mzee Kisu hayupo hapa siku kumi na nane.

Nimehesabu vibaya. Mtoto alikuwa anaumwa, nilihesabu vibaya. Nimeandika namba inayotakiwa.

Jumanne, 15 Julai

Leo nimemwona jike bandani kwa mara ya kwanza msimu huu. Mwindaji alikosea kulenga. Mpwa wa Bosi alipompasua tumbo, alikuwemo ndani mtoto wa ukubwa wa paka, amekunja miguu, kwato bado laini kama kitunguu kilichochemshwa.

Nilitoka nje nikakaa. Nilimhurumia, sitasema uongo. Kisha nikakumbuka kona ya juu ya shamba, na huruma ikanisumbua zaidi, kwa sababu haikuondoka.

Nikachukua bunda la lebo nyeupe nifungue mpira. Bosi akasema, "Acha. Huyo haandikwi. Na wengine wenye mimba wasiguswe, waambie waongozaji. Hizo ndizo pembe za mwaka ujao."

Nikauliza, "Si tunawapunguza, Bosi?"

"Tunawapunguza, ndiyo. Hatuwamalizi. Ukimaliza, wewe utachemsha nini?"

Niliporudi kwenye pipa nilipiga hesabu. Dume mmoja ana majike kumi. Ukimuua yeye, kesho yuko dume mwingine. Sisi tunapogoa, na anayepogoa anataka mti uzidi.

Jumamosi, 19 Julai

Mvua ya mawe. Nimelala.

Alhamisi, 24 Julai

Mama mkwe amekauka sauti. Anazungumza kwa kunong'ona na bado ananiambia nimekata kitunguu vibaya.

Ijumaa, 1 Agosti

Leo nimempenda mume wangu upya, niandike nisije nikasahau. Alimwambia mama yake, "Mama, umechoka. Nenda kwa Mama Mdogo siku tano upumzike, shamba nitalilinda mimi." Mama alibisha mpaka akalia. "Maganda yanajaa sasa hivi, ndiyo wiki yenyewe!" Akamshika mabega: "Mimi si mwanao?" Akamfungia mzigo, akamsindikiza mpaka kituoni akiwa amebeba lile debe, maana mama hakukubali kuliacha mpaka walipofika. Alirudi nalo, akalitundika kwenye mti wa palepale shambani kwa kamba ya bluu.

Jumanne, 5 Agosti

Mti Mkavu ameuawa leo alfajiri. Walipiga honi tangu njiani. Matawi kumi na sita. Bosi alimkumbatia mume wangu mbele ya watu wote, na mwindaji akamvulia kofia. Baba Kidoti anasema walimpata juu kabisa, nyuma ya ukingo wa miamba, baada ya mwendo wa saa tatu.

Nililichemsha fuvu mwenyewe, sikumwachia mpwa. Kabla ya kulitia ndani nilisugua meno kwa brashi. Yalikuwa na majani ya maharage. Midomo ilikuwa na weupe, nikadhani povu.

Nyuma ya miamba hakuna maharage. Lakini kulungu anatembea.

Jumatano, 6 Agosti

Mama mkwe amerudi. Robo tatu ya shamba hakuna kitu. Hakulia. Alisimama katikati akazunguka polepole kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Baba Kidoti akasema walikuja kundi zima usiku, hakuweza peke yake, lakini yule aliyekuwa akiwaongoza amemmaliza. Mama akaushika mkono wake akaubusu. "Basi," akanong'ona. "Basi, mwanangu. Umenilipizia."

Alhamisi, 14 Agosti

Nimepeleka lebo za njano ofisini. Bosi ametundika picha kubwa ya Mti Mkavu. Mwindaji amepiga goti, ameshika pembe, anacheka. Mume wangu amesimama pembeni. Picha ni nzuri, jua ndiyo kwanza linatoka.

Chini ya shingo ya kulungu kuna maharage. Nyuma ya bega la mwindaji kuna mti wenye debe, limefungwa kwa kamba ya bluu.

Nilimbeba Kidoti nikaenda moja kwa moja kona ya juu. Nguzo tatu zimelala kwa mstari. Mbele ya pengo udongo umelambwa ukawa shimo kama bakuli, unang'aa. Nikachimba kwa kijiti. Gunia lilikuwa limefukiwa nusu. Mshono ulikuwa mwekundu, wa kwangu, na kile kifundo cha mara mbili ninachokipiga mwishoni.

Kidoti alitia kidole akalamba. "Mama, chumvi."

Ijumaa, 15 Agosti

Nilimsubiri Baba Kidoti mpaka alipokaa kunywa chai, Kidoti bado amelala. Nikaweka gunia mezani.

Akaliangalia. Hakuuliza limetoka wapi.

"Angekuja tu," akasema. "Hata bila mimi angekuja. Nilimwonyesha njia tu."

"Ulichukua ufunguo wangu."

"Ulikuwa umelala na mtoto."

"Mzee Kisu je?"

"Mzee Kisu alikuwa anastaafu hata hivyo."

"Baba Kidoti. Ulimtoa mama yako shambani kwake."

Hapo akainuka. "Kwani mama anakula nini mwaka mzima? Maharage yale? Anakula kazi yangu! Paa la nyumba yake nani kaliezeka? Shamba lile ni kitu cha kumtuliza tu. Nikiwa mwongozaji mkuu nitamnunulia maharage ya miaka kumi."

"Na atayapigia debe?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyefukia kitu. Halafu akashusha sauti, akawa yule niliyemjua. "Usimwambie. Utamuua. Ukikasirika, nikasirikie mimi."

Hilo ndilo lililonishika, kwa sababu ni kweli litamuua. Nimesema nitafikiri.

Jumatatu, 18 Agosti

Bado nafikiri.

Alhamisi, 21 Agosti

Mama mkwe anavuna robo iliyobaki. Nilimsaidia baada ya kazi. Anamsifia mwanawe kila tuta. Nimemwambia kichwa kinaniuma.

Jumamosi, 23 Agosti

Mkutano wa kijiji ulikuwa darasani, watu wamebanana kwenye madawati ya watoto. Afisa wa wanyamapori alikuja na fomu yake ya kila mwaka, kuona kama uwindaji wa kulipa unapunguza waletwa au kibali kifutwe, waje watu wa serikali wawaue wote, madume kwa majike. Bosi aliongea vizuri. Madume arobaini na watatu. Uharibifu umepungua. Akasema, kama shahidi yupo asimame.

Mama mkwe akasimama. Sauti ilikuwa haijarudi vizuri, watu wakanyamaza wamsikie.

"Mimi nimeliwa miaka mitatu," akasema. "Mwaka huu nimeliwa tena. Lakini aliyekuwa ananila kauawa, na aliyemuua ni huyu, niliyemzaa mimi." Akamvuta mume wangu mkono, akauinua juu. "Nashukuru uwindaji. Namshukuru Bosi. Namshukuru mwanangu, mbele yenu, siku nikifa mkumbuke." Akapiga makofi mwenyewe, na darasa zima likapiga.

Mume wangu alikuwa anatazama sakafu. Afisa akaandika.

Mzee Kisu alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwenye dawati la mtoto, magoti yamegusa kidevu. Naye alipiga makofi. Kwa adabu.

Nikasimama. Nilikuwa nimemshika Kidoti.

"Mzee Kisu hakuiba chumvi," nikasema. "Mimi ndiye niliyesababisha afukuzwe, na hakuiba. Chumvi ilichukuliwa kwa ufunguo wangu. Imefukiwa kona ya juu ya shamba la mama mkwe wangu, na uzio ukafunguliwa, ili Mti Mkavu azoee kuja hapo mpaka mteja afike. Nendeni mkaangalie, mshono ni mwekundu."

Bosi akasema, "Huyu dada amechoka, ana mtoto mdogo."

"Nimechoka kweli," nikasema. Nikatoa mfukoni bunda la lebo nyeupe, nikampa afisa. Mpira bado umekaza, haujawahi kuvuliwa. "Na hizi ni za majike."

Sikumtaja mume wangu. Haikuhitajika. Mama mkwe alikuwa bado ameushika mkono wake hewani. Aliushusha polepole, akauweka juu ya dawati kama anarudisha kitu cha watu.

Jumapili, 24 Agosti

Bosi katuma mtu kusema kesho nisiende. Baba Kidoti amechukua nguo zake, atakaa kambini. Amembusu Kidoti, mimi hakuniaga.

Kibali hakikufutwa. Kimeongezwa mwaka mmoja, kwa sharti kwamba majike waandikwe. Hakuna aliyesema wauawe wangapi.

Jumanne, 26 Agosti

Nimekwenda kwa Mzee Kisu na paketi ya sukari. Alinipa kiti. Nikaomba radhi, nikalia, akaniacha nilie.

"Ulihesabu magunia," akasema. "Hukuhesabu miaka."

"Nisamehe, Mzee."

"Nimekusamehe. Lakini usije hapa kila siku kusamehewa, nina kazi ya kulima." Akampa Kidoti ganda la konokono achezee.

Kutoka hapo nikapita kwa mama mkwe. Alikuwa anapukuchua maharage, gunia lake halikufika nusu. Nikakaa, nikaanza kupukuchua upande wa pili. Hakunitazama. Akauliza:

"Ulijua lini?"

"Tarehe kumi na nne, Mama."

Akahesabu kwa vidole, akiyagusa maharage moja moja. "Siku tisa."

"Nilihofia kukuua."

"Mwanangu amenila, sawa. Huyo nimemzaa, kosa langu nalijua. Lakini wewe uliniacha nishukuru kwanza. Uliniacha nisimame mbele ya watu nipige makofi, ndipo ukasema."

Akanipokonya maganda yaliyokuwa mikononi mwangu, akaendelea peke yake.

Ijumaa, 29 Agosti

Mama mkwe hajanisemesha. Nimempelekea chakula, amekirudisha.

Jioni nilipita karibu na shamba. Uzio ameufunga yeye, nguzo zote tatu. Lakini walikuwepo, majike watano na watoto wao, wameruka, wamesimama kichwa chini kwenye lile shimo. Hakuna maharage tena, wanalamba udongo. Chumvi imeshaingia ndani. Mzee Kisu alishaniambia zamani kwamba pahala palipomwagwa chumvi waletwa hurudi miaka mitano, sita, hata kama hakuna aliyebaki anayekumbuka ilimwagwa na nani.

Jumamosi, 30 Agosti

Asubuhi nilimfunga Kidoti mgongoni, nikachukua jembe na ndoo mbili, nikaenda kona ya juu. Nikaanza kuchimba. Udongo najaza ndoo, nabeba mpaka barabarani, namwaga kwenye mawe ambako hakuna kinachoota. Narudi. Ndoo ya kumi na tano viganja vimepasuka, na chumvi ikaingia.

Mama mkwe alifika jua likiwa juu. Alisimama uzioni, mikono nyuma. Nikaendelea. Nilitegemea aniambie ninashika jembe vibaya.

Akashuka shimoni, magoti yakalia. Akachota udongo wa chini kwa ncha ya kidole, akaonja, akatema.

"Bado," akasema. Akamfungua Kidoti mgongoni mwangu, akamfunga kwake. "Chimba."